Matairi ya Jua

4 Februari

Dada,

Nakuandikia kwa kalamu kama mfungwa, kwa sababu simu hupokei, na siku ukipokea nasikia kompresa inanguruma na wewe unamfokea mtu kuhusu nati. Halafu barua ina faida yake. Simu yangu mke wangu huishika muda wowote, lakini bahasha yenye alama za vidole vyako vyeusi inakuja ofisini na inaishia ofisini. Nijibu huku, usithubutu kuandika nyumbani.

Nimerudi uwanjani, kwenye mbio za magari. Usianze kelele. Najua nilimwapia mke wangu baada ya kuupiga ule ukuta kwamba gari litabaki la barabarani tu, la kumpeleka mwanangu Kidoti shule na kunifikisha mimi kazini kupima viwanja vya watu. Miaka miwili nimejikaza. Jumamosi mbili zilizopita nikamwambia nina shamba la kupima mbali, nikaenda kuzunguka. Daktari wa meno, yule wa gari jekundu, alinipita kwenye kona ya tatu kama vile nimesimama kununua gazeti. Hanizidi gari wala hanizidi mguu. Ananizidi matairi. Yangu yanalia kwenye kona, na baada ya mizunguko mitano yanateleza kama nimeyapaka sabuni.

Nataka yale ya mbio, yenye mpira laini na mifereji miwili tu. Seti moja, ya barabarani na uwanjani. Baba alikuachia wewe gereji na mikono yake, mimi akaniachia mguu mzito. Nichagulie.

Kitinda mimba wako

11 Februari

Wewe kichwa maji,

Barua yako nimeisomea juu ya tairi la trekta, na ungekuwa karibu ningekurushia hilo tairi.

Sikiliza, maana nitasema mara moja. Tairi la mbio linashika likiwa la moto. Uwanjani unalipasha kwa mizunguko miwili na linang'ang'ania lami vizuri kuliko kitu chochote. Barabarani halipati moto. Unatoka nyumbani, unasimama kwenye taa, unasimama shuleni kwa Kidoti, na muda wote huo umekalia mpira mgumu kama soli ya kiatu. Hilo ni la kwanza. La pili ni mvua. Mifereji ya tairi haikuwekwa kwa urembo, kazi yake ni kutupa maji pembeni ili mpira uguse lami. Ukiwa na mifereji miwili, maji hayana pa kwenda, gari linapanda juu ya maji na kuelea, na hapo usukani ni pambo tu. Huhitaji kukimbia. Mwendo wa pikipiki ya mtu asiye na haraka unatosha.

Kwa hiyo una njia mbili. Nunua seti ya mbio na ringi zake nne, ubadilishe hukohuko uwanjani, urudi nyumbani na matairi ya watu wenye akili. Au ukubali seti moja ya barabarani yenye mpira laini na mifereji kamili. Ninayo hapa. Daktari wa meno atakuzidi sekunde mbili na utaishi. Mshika mawili moja humponyoka, na sitaki kuja kuokota hilo litakaloponyoka.

Na mkeo mwambie. Wifi yangu si mtu wa kudanganywa na shamba la kupima.

Dada

18 Februari

Dada mpenzi,

Ringi nne za ziada niziweke wapi? Chini ya kitanda? Tuna vyumba viwili, na mke wangu ni mfamasia, anajua kila chupa ilipo hata akifumba macho. Akiona magurudumu manne atajua siku hiyohiyo, na alishaniambia: siku nikirudi uwanjani, yeye na Kidoti wanaondoka. Alikuwa amekaa kando ya kitanda changu hospitali aliposema hivyo. Hakupandisha hata sauti.

Hayo ya barabarani yenye mpira laini mhasibu wa ofisini kwetu anayo, nimeyajaribu. Ni kunywa maji ukiwa na hamu ya chai.

Naomba ya mbio. Nakuapia kwa kaburi la baba: siku ya mvua gari halitoki. Napanda basi, na ufunguo unakaa mfukoni mwangu. Nina hiki kitu kimoja tu, dada. Wiki nzima naburuta kamba kwenye vichaka vya watu wanaogombana kuhusu mipaka. Dakika ishirini kule uwanjani ndizo pekee ambazo hakuna anayenigombeza.

Kitinda

26 Februari

Kitinda,

Umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa na bado nimeteleza. Mama alipougua, mgongo uliokubeba ulikuwa huu wangu, na tangu wakati ule ukililia kitu nakupa. Ni ugonjwa, sina dawa yake.

Dereva wa lori la mbao anakuletea matairi manne. Ubavuni nimeandika upepo wake kwa chaki, wa barabarani na wa uwanjani. Usichanganye. Ukitoka uwanjani jaza tena kabla hujashika barabara.

Sharti ni moja. Mwambie mkeo kwamba haya ni matairi ya jua. La uwanjani likikushinda, nyamaza nalo, lakini hilo la mvua mwambie kwa mdomo wako, leo, siyo kesho. Nimekubali, na sijipendi kwa hilo.

Dada

15 Machi

Wifi yangu,

Usishtuke kupata barua kutoka kwangu. Nimeona bahasha yako kwenye mkoba wa mume wangu, na kwa jinsi mnavyoandikiana siku hizi, nikasema na mimi nijaribu bahati. Dereva wa mbao kakubali kunibebea. Nakuomba hili libaki kati yetu wanawake.

Gari limefungwa matairi mapya, na mwenyewe anasema umeyachagua wewe. Nashukuru. Lakini nimeyatazama na sikuyaelewa. Yana mistari miwili tu, kwingine kote ni laini kabisa, na mimi nilifundishwa kwamba tairi laini ni kipara na kipara ni hatari. Nikimuuliza anacheka. Halafu ameanza jambo jipya: wingu likitanda tu, ufunguo unaingia mfukoni na anapanda basi. Mimi akaniambia nisiliguse gari siku ya mvua. Nikamuuliza kwa nini, akasema litachafuka. Wifi, huyu mtu gari lake lilikuwa na matope ya mwezi mzima kabla ya hapo.

Nakuuliza wewe kwa sababu ndiyo kazi yako na wewe huna maneno ya kupamba. Matairi yale ni mazima? Na mvua yanaiweza? Kidoti kifua chake bado kinambana, msimu huu hasa, na shule wakinipigia simu lazima niende na chochote kilichopo. Ukiniambia ni mabaya sitaligusa, nitatafuta teksi. Ukiniambia ni mazuri nitaacha kuwaza.

Kidoti anakusalimu. Kang'oka jino na anataka shangazi aambiwe kabla ya watu wengine.

Wifi yako

15 Machi

Dada,

Haraka haraka, dereva anawasha lori. Mke wangu anachunguza matairi, na nahisi atakuuliza. Nakupigia magoti. Ukimwambia ni ya mbio, amejua yote, na jioni hiyohiyo sina mke wala mtoto. Mwambie ni mazuri. Mvua nimeidhibiti mimi, ufunguo ninao, hatoki. Huo utakuwa uongo usio na madhara kwa mtu yeyote.

Kitinda

22 Machi

Wifi yangu mpendwa,

Nimecheka mpaka wateja wakanitazama. Eti litachafuka!

Usijisumbue. Matairi ni mazima, ni mapya kabisa, na ni mazuri kuliko yaliyokuwepo. Mistari michache ni mtindo wa magari ya aina hiyo, usiyalinganishe na ya lori. Mvua yanaimudu, wewe nenda taratibu kama unavyokwenda siku zote. Huyo mdogo wangu anaficha ufunguo kwa wivu tu. Wapo wanaume ambao gari kwao ni mke mdogo, hawataki hata mvua imguse.

Mwambie Kidoti shangazi amepokea taarifa ya jino na ameitangaza gereji nzima.

Wifi yako

22 Machi

Kitinda,

Nimekufichia. Nimemwandikia mkeo neno ambalo fundi hatakiwi kuliandika. Ulimwambia la mvua au ulimwambia litachafuka? Jibu najua.

Mwezi huu ukiisha uniletee gari hapa. Nayavua mwenyewe.

Dada

9 Aprili

Dada,

Nimekupigia simu mara tisa hukupokea. Dereva wa mbao anakuja kwako sasa hivi na karatasi hii.

Kidoti hayupo. Jana mchana. Mama yake ndiye alikuwa anaendesha, mvua ilinyesha. Nilikuwa porini na gari la ofisi, ufunguo ulibaki kwenye suruali nyingine.

Mama yake kavunjika mkono tu. Tunamzika kesho saa nane. Njoo. Usiseme kitu kwa mtu.

30 Aprili

Wifi yangu,

Naandika kwa mkono wa kushoto, usijali mwandiko.

Kwanza nikushukuru. Siku ile kaburini kila mtu alikuwa ananipa maneno, wewe peke yako ulinishika huu mkono mzima ukanyamaza mpaka mwisho. Kwa hilo nakuombea kila siku, Mungu akulipe.

Sijamsimulia mtu nitakayokwambia. Shule walipiga simu saa tano, kifua kimembana na pampu yake imekwisha. Nilitafuta teksi kwa dakika kumi na mbili. Nikakumbuka barua yako, nikaingia chumbani nikatoa ufunguo kwenye suruali. Nilimchukua shuleni, nikamfunga mkanda nyuma ya kiti cha pembeni, tukaelekea hospitali. Mvua haikuwa kubwa. Kwenye kona ya kiwanda cha mbao maji yalikuwa yametuama. Nilitazama mshale wa mwendo, wifi, nilikuwa arobaini na tano. Nikakata kona na gari halikukata. Nilishika usukani kama mtu anayeshika bomba lisilofungwa na kitu chochote. Lilizunguka, ubavu wa Kidoti ukaingia kwenye trela lililoegeshwa. Alikuwa ananisimulia kuhusu jino jingine linalotikisika.

Trafiki amekagua. Breki nzima, matairi mapya, ameandika mwendo usiolingana na hali ya barabara. Mimi kila kitu hukipima, ndiyo kazi yangu, kwa hiyo nimepima na hili. Barua yako ninayo. Uliniambia matairi ni mazima na mvua yanaimudu. Breki nzima. Basi kilichobaki ni mimi. Nilikanyaga au nilikata vibaya, sijui, lakini ni mikono yangu.

Kazini nimerudi wiki hii. Ikija dawa ya maji ya mtoto namwita mwenzangu aipime yeye. Jana nilimwita mara kumi na moja. Mkuu ameniambia kwa upole nikapumzike, na nimeona ana haki, mtu asiyeiamini mikono yake hafai kwenye dirisha la dawa. Nimeandika barua ya kuacha kazi. Na Jumatatu tarehe kumi na tatu nakwenda polisi kusaini maelezo kwamba nilizembea. Wamesema nikikiri kesi itakuwa fupi. Mume wangu anasema nifanye nitakachoona chema.

Nilitaka uyajue kwangu, siyo kwa watu.

Wifi yako

2 Mei

Dada,

Amekuandikia, nimemwona akimpa dereva bahasha. Najua unawaza nini. Tafadhali fikiri kwanza.

Kidoti harudi. Gari liko polisi, trafiki hakugundua chochote kuhusu matairi, na mke wangu tayari amekubali kwamba ni ajali yake. Ni uchungu, lakini unapoa. Hakimu atamwonea huruma, hawamfungi mama aliyefiwa. Akijua ya uwanjani ataondoka, nami nitabaki kwenye vyumba viwili na viatu vya mtoto. Nimeshapoteza mmoja. Usinipotezee na wa pili.

Damu ni nzito kuliko maji, dada. Wewe ndiye umenilea.

Kitinda

6 Mei

Kitinda,

Kidoti alikuwa damu ya nani?

Umemwona mkeo akiandika kwa mkono wa kushoto kwamba amemuua mwanawe, ukamwambia afanye atakachoona chema. Unalala naye chumba kimoja na unamtazama akijimaliza, halafu unaniomba nikushikie mlango. Nimekubeba mgongoni, nimekupa kila ulicholilia, na angalia nimelea nini. Nasema hivyo nikijua kwamba ubaya huo haukuota kwako peke yako. Nilikuwepo.

Leo hiihii namwandikia. Hii yako inakuja na basi, yake inasubiri lori la mbao; una siku hizo kumwambia wewe kabla barua yake haijafika. Ukimwahi, utakuwa umefanya jambo moja la mwanamume katika hii habari nzima.

Dada

6 Mei

Wifi,

Usisaini. Soma mpaka mwisho, kisha usisaini.

Haikuwa mikono yako. Matairi yale ni ya mbio, ya kuzunguka uwanjani kwenye jua. Kwenye maji yaliyotuama, arobaini na tano inatosha kabisa kuyafanya yaelee, na gari likishaelea hakuna dereva. Lile bomba lisilofungwa na kitu ulilolishika ndivyo hasa linavyokuwa. Nimefunga matairi miaka ishirini na sita na usukani ule ningeushika mimi, gari lingekwenda palepale lilipokwenda.

Mumeo amerudi uwanjani tangu Januari. Aliniomba matairi haya, nikamkataza, nikamweleza kwa maandishi yatakayotokea mvua ikinyesha, halafu nikampa. Aliogopa ukijua utaondoka na Kidoti. Ulipoandika kuniuliza, naye aliniandikia siku hiyohiyo akiniomba nikwambie ni mazuri. Aliomba yeye. Niliyeandika ni mimi. Uliniuliza swali moja, mvua yanaiweza, na ulikuwa umeniambia kabisa kwamba nikisema hapana utapanda teksi. Neno moja. Nikakuandikia mzaha wa mke mdogo.

Pale kaburini sikukushika mkono kwa wema. Nilikushika kwa sababu nilikuwa nakaribia kuanguka. Ulinishukuru, kumbe nilikuwa nimenyamaza wiki nne, na muda huo wote ulikuwa ukijihesabia hatia kila siku. Sina jina la kitu hicho. Sikuombi unisamehe, ningeona haya.

Ndani ya bahasha kuna maelezo yangu kwa polisi, yamesainiwa na kugongwa mhuri wa gereji, pamoja na barua zake zote alizoniandikia. Waambie wayatazame matairi yale wakiwa na fundi mwingine yeyote. Atawaambia kwa dakika moja. Na mimi nitakuja siku watakayoniita.

Wifi yako, kama bado inaruhusiwa

14 Mei

Kwa fundi wa matairi,

Barua ilinifikia Jumatatu asubuhi nikiwa nimeshavaa kwenda kituoni. Nilikwenda hivyohivyo. Niliisomea kwenye benchi la mapokezi, mara mbili, kisha nikawapa zote: yako ya Machi, yako ya Mei, na zake. Sikusaini walichokuwa wameniandalia. Mtaitwa.

Yeye hakuwa ameniambia lolote. Jumapili nzima alikaa anatazama dirishani kila lori likipita. Nilipotoka kituoni nilimkuta mezani, nikamuuliza kama ni kweli, akasema alitaka kunilinda.

Barua ya kuacha kazi nimeichana. Leo nimempimia mtoto wa miaka minne dawa ya kifua, peke yangu, sikumwita mtu. Ulinirudishia hilo na sitasema hukunirudishia. Lakini nilikuwa na siku thelathini na tano za kujiita muuaji, na kila siku moja kati ya hizo ulikuwa na kalamu.

Viatu vya mtoto nimevichukua mimi. Nimehamia kwa mama yangu, usiniandikie huko.

Ndugu yako kapanda lori la mbao asubuhi hii na sanduku lake, atafika kwako jioni. Machi uliulizwa na watu wawili siku moja, ukamchagua yeye. Basi mpokee.

Mama Kidoti